Nimeombewa Bila Ruhusa

Alhamisi jioni, Naivasha. Baridi, mawingu, na mimi nimekasirika.

Wacha niseme hivyo mapema, kabla sijaanza kujifanya mtu mzuri.

Nina ugonjwa wa baipola. Kuna wakati niko juu, naongea na kufanya kazi bila kuchoka, halafu kuna wakati hata kuoga kunanishinda. Dawa zimenishika vizuri. Daktari alinikataza kitu kimoja tu, shifti ya usiku. Lakini kuikataa lazima utoe sababu, na kwa shamba la maua sababu kama hiyo inaweza kukunyima kandarasi. Yangu inaisha mwisho wa mwezi.

Kwa hivyo nimekuwa nikidanganya. Siku ya kliniki nasema naenda kwa daktari wa meno, na shifti ya usiku naikwepa kwa meno hayo hayo. Miaka mitatu ya meno! Supavaiza aliwahi kuniuliza kama ninayo mengi kuliko watu wengine.

Mwezi uliopita, kwa foleni ya kliniki kule Nakuru, nilimkuta Mama Shiru. Huyu tunapanga waridi naye meza moja. Hakuwa amesindikiza mtu. Alikuwa na kadi kama yangu, na jina lake liliitwa kabla ya langu. Tulicheka kidogo, tukashikana mikono, tukakubaliana mambo yaishie hapo. Nilirudi nyumbani nikijua nimepata dada.

Dada gani.

Kazini tunaomba kila asubuhi kabla ya kuanza, na kila siku anaongoza mtu tofauti. Jumatatu ilikuwa zamu yake. Akaombea mvua, akaombea wenye shamba, halafu akashusha sauti.

"Baba, mguse dada yetu wa meza ya nne, hiyo shida ya kichwa imtoke."

Meza ya nne tuko wawili tu, mimi na yeye. Na utamkatiza vipi mtu akiongea na Mungu? Nilifungua macho nikapata banda zima limeshafungua yao, linaniangalia. Halafu nikasema amina pamoja na wengine. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Nafikiri aliogopa nitasema yake, akawahi kusema yangu. Naelewa. Simsamehe.

Tangu siku hiyo mkasi wangu unapotea. Mtu anausogeza mbali nami, polepole, eti nisione. Wasichana wa meza ya tano wananisemesha kama mtoto mgonjwa. Jana supavaiza aliniambia niache waridi kwanza, nifagie majani. Hakuna mtu anapewa kandarasi mpya akiwa kwa ufagio.

Basi nimeamua. Kesho ni zamu yangu kuomba, na nitasema mwenyewe, supavaiza akiwa hapo: jina la ugonjwa, dawa, uongo wa meno, yote. Wakinifukuza, wanifukuze kwa kitu nimekitaja kwa jina lake.

Leo wakati wa chai nilimwambia Mama Shiru kwamba kesho nitaombea kliniki, na wote tunaokutana huko. Akaweka kikombe chini. Akaniita dadangu, akaniambia ana watoto watatu, na kandarasi yake pia inaisha mwisho wa mwezi.

"Basi kesho funga macho tuombe pamoja," nikamwambia.

Nilisikia raha. Hapa sidanganyi mtu, nilisikia raha mpaka nikamaliza chai yake.

Sasa nimekaa na daftari. Langu nitalisema, hilo limekwisha. Lake ndilo sijui. Najua vizuri kile atafanyiwa, kwa sababu mimi nafanyiwa sasa hivi. Nimeandika maombi mawili, moja lina jina lake, lingine halina. Kesho nitabeba yote mawili.

Nimeyasoma tena. Lile lenye jina lake ndilo nimeliandika vizuri.