Miguu ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi

Nimelibomoa! Jiko lote la zamani liko nje, rundo mlangoni. Makabati yaliyooza kwa maji ya sinki, rafu za mende, kaunta ile ya saruji — kwaherini. Vumbi limeniingia hadi kwenye meno. Asubuhi nilijiambia nabomoa kona moja tu, nijaribu. Nani wa kunizuia?

Bibie hajui. Mke wangu huyu alikwenda kwa binti yetu kumsaidia kulea mtoto mchanga, akasema mwezi mmoja. Sasa ni wa nne. Miaka yote amelilalamikia jiko hili, nami jibu langu lilikuwa moja: nikistaafu, nikistaafu. Haya, nimestaafu. Nimefundisha watu udereva maisha yangu yote, kabati litanishinda? Akirudi akute makabati mapya, ya mikono yangu mwenyewe. Akiyaona hataondoka tena.

Chakula: mkate, nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi

Muuza mbao wa pale kona namwita Sentimita, kwa sababu hata akikusalimu ataitaja. Kaniuzia mbao na plaiwudi, kisha akauliza kaunta iwe kimo gani. Nikamwambia cha kawaida. Akacheka! Hakuna cha kawaida, mwalimu, anayepika ni nani? Mke wangu. Basi msimamishe, akunje mkono, pima kiganja kimoja chini ya kiwiko, kaunta iishie hapo. Na makabati ya chini yajenge na miguu mirefu, utaikata mwishoni.

Nikamjibu sawa, nitampima jioni.

Sijui kwa nini nilisema jioni.

Jumapili, 9 Machi

Simu ya Bibie, ya video. Niliipokelea chumbani, mgongo ukutani, asione vumbi. Unakula? Nakula. Mbona mvi zimekuwa nyingi hivyo? Nikasema uzee huo, mama. Kumbe ni unga wa mbao! Akacheka vizuri.

Nyuma yake nikamsikia binti akimwambia mumewe kwamba rangi imekauka, kitanda kiingizwe chumba cha mama.

Chumba cha mama.

Nikajitia hamnazo. Nikauliza mtoto ana meno mangapi sasa. Hana hata moja! Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Ilipokatika simu nikabaki nimeishika. Friji nimeihamishia sebuleni kwa ajili ya kazi, inanguruma usoni pangu siku nzima, na leo niliona afadhali inanguruma.

Ijumaa, 14 Machi

Kabati la kwanza limesimama! Nimelijengea sebuleni, kwenye nafasi. Pembe zote mraba, pima maji inaonyesha katikati kabisa. Nililizunguka mara kadhaa nikijisifu kwa sauti.

Halipiti mlangoni.

Ebo! Mimi? Mimi niliyewafundisha watu kuingiza lori getini bila kukwaruza kioo? Nikalilaza, halikupita. Nikaliingiza kwa ubavu, likakwama. Nikaanza kujielekeza mwenyewe: taratibu, rudi nyuma, kata kushoto, breki, breki! Likanibana kidole. Nilicheka mpaka nikakaa chini, machozi yananitoka, nikageuka kumwambia mtu haya makubwa.

Nikalifungua skrubu moja moja. Nitaliunga upya jikoni kwenyewe, kama mtu mwenye akili.

Jumanne, 18 Machi

Makabati matatu ya chini yako ndani, yamepangana. Milango inafunga bila kupiga kelele, droo zinateleza. Yamesimama kwenye miguu yake mirefu yananisubiri.

Imebaki kimo tu. Basi nikajiuliza: Bibie ananifika wapi? Begani? Sikioni? Nimeishi naye tangu nywele zangu nyeusi, na leo nimesimama mbele ya kioo nimeweka mkono hewani — hapa? hapa? — sijui. Nikalichukua gauni lake moja alilobakisha, nikalitundika mlangoni, nikalipima. Gauni halina kiwiko. Nikaenda kwenye gari, nikakaa kiti cha abiria, kipo kama alivyokiacha. Magoti yakagonga dashibodi. Nikakaa humo muda mrefu. Jirani akapita akauliza, vipi, gari limeharibika? Nikamwambia kidogo.

Ningempigia tu nikamuuliza. Lakini nikimuuliza kimo nitakuwa nimemuuliza anarudi lini, na hilo naliogopa. Acha niandike kama lilivyo. Naliogopa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata! Nimepata, jamani!

Mzoa taka alikuja kuchukua lile rundo. Katikati ya kupakia akainua ubao mmoja mnene, akauliza, mzee, huu mbona mzima, nao twende nao? Mweusi kwa mafuta, na juu yake una mabonde mawili yaliyolika. Nilikuwa nimeutupa nje kwa mguu siku ile, nikidhani ni takataka. Nikaugeuza, nikautazama tena.

Nyayo. Mabonde yale ni nyayo!

Nikaurudisha ndani mbio, nikauweka sakafuni pale kaunta ilipokuwa. Alama ya mafuta bado iko ukutani, inaonyesha kaunta iliishia wapi. Kaunta ilikuwa juu mno kwake, Bibie alikuwa akisimama juu ya ubao kupika. Miaka yote hiyo! Na mimi napita nyuma yake kuchukua chai, nasema asante, natoka. Ningeulizwa mahakamani kama ubao huo upo ningeapa haupo.

Nilikaa nao mapajani mpaka mzoa taka akakohoa kunijulisha kwamba anaondoka.

Baadaye akili ikarudi. Kutoka sakafuni hadi alama ya ukutani, toa unene wa ubao. Ndicho kimo chake hicho! Sikumuuliza mtu, sikuharibu siri. Nikachora mstari wa penseli kwenye kila mguu wa kabati. Leo nitalala.

Jumapili, 23 Machi

Vanishi imekauka. Kaunta nimeilaza juu ya makabati, nimeifunga. Mpango ulikuwa: nikate miguu, nifagie, halafu ndipo nimpigie. Nimeshachomeka msumeno wa umeme, nimepiga magoti, simu ikaita. Bibie.

Nikashindwa kuvumilia, nikaigeuza kamera.

Ee, mzee! Fundi gani huyo? Fundi mimi. Muongo wewe! Haki tena, tazama kidole. Akanifungulisha kila mlango, akanivutisha kila droo. Akamwita binti naye aje aone, binti akapiga vigelegele. Sijafurahi hivyo siku nyingi. Kisha Bibie akauliza mbona kaunta inanifika kifuani, ninampikia nani, twiga? Nikamwambia tulia, bado sijakata, kimo chako ninacho, ubao wako ndio ulionipa. Ubao gani? Nikauinua mbele ya kamera, upande wa nyayo.

Binti akaondoka pale. Bibie aliutazama ubao ule, akautazama, akajifuta uso kwa nguo ya mtoto.

Ni mazuri sana, mzee, akasema. Kweli, ni mazuri. Alisema kwa sauti ile anayoitumia kwa mtoto anayekaribia kulala. Kisha: kata kwa kimo chako. Wewe ndiye utakayepika hapo.

Mtoto akalia. Akasema atapiga baadaye.

Nimejipima. Kujipima kiwiko mwenyewe ni kazi, maana ukikunja mkono huu, ule wa pili unashika tepu juu, na wa kushika chini ni nani? Nikaibana tepu kwa kidole gumba cha mguu. Nikachora. Sasa kila mguu una mistari miwili, wake juu na wangu chini. Nikikata wake, mimi nitapika nimeinama. Nikikata wangu, nimekubali.

Msumeno bado umechomekwa. Sijakata kitu.

Meza ya sebuleni imejaa makopo ya vanishi, hakuna pa kuandikia ila hapa kwenye kaunta, nayo iko juu. Nimeuvuta ubao wake nikaupanda. Nyayo zangu haziingii kwenye mabonde yake, lakini mkono unafika.