Mwanya wa Mama

Jumapili, 1 Agosti 1999
Mswaki, uzi, maji ya chumvi. Uzi lazima upite chini ya waya, jino kwa jino, na mimi sina subira. Waya wenyewe hauonekani. Umegandishwa nyuma ya meno ya mbele ili yasirudi yalikotoka. Miaka miwili nilivaa vyuma, wateja wangu wa vitenge hapa Mwembesongo wakiniita Reli. Sasa meno yamenyooka. Najipenda, acha niseme.

Jumamosi, 7 Agosti
Mlali kwa bibi mzaa mama, kumpa habari ya harusi. Ameitikia shikamoo, akaniita mke mwenzake, akataka nicheke. Nikacheka. Mwanya wa mama yako umeupeleka wapi? akauliza. Nikamwambia daktari ameuziba. Amenuna mpaka ugali ukaiva. Nimeudhika. Mtu ateseke hivyo, aulizwe mwanya.

Jumapili, 8 Agosti
Mjinga mimi. Bibi ameniletea muwa, ndiyo njia yake ya kupatana. Ningekataaje? Nikaumenya kwa meno. Tak. Waya umeachia.

Jumatatu, 9 Agosti
Daktari yuko nje ya nchi, anarudi mwisho wa mwezi. Nesi ameutoa waya wote usinichome ulimi. Nina hofu.

Jumanne, 17 Agosti
Ulimi umejua kabla ya kioo. Kuna nafasi kati ya yale mawili ya juu. Harusi mwezi ujao. Na mengine yakifuata? Nauza vitenge mkono mdomoni. Mteja amenipa pole ya kung'olewa jino.

Jumamosi, 21 Agosti
Hamisi, mchumba wangu, ameniona nikicheka. Nilisahau mkono. Amenitazama mpaka nikaona aibu. Ndipo akakiri. Kumbe siku ile ya kwanza dukani hakuwa na haja ya kitenge chochote. Aliuona mwanya, akanunua doti nzima, na hakuwa na mwanamke wa kumpa. Kwa nini hakusema kabla sijauziba? Eti ni meno yangu, si yake. Nimemkasirikia. Halafu nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumapili, 22 Agosti
Nimeitoa picha ya mama. Anacheka, mwanya wote nje. Tangu afariki nilikuwa natazama macho yake tu.

Jumatatu, 30 Agosti
Daktari amerudi. Atauziba tena, kazi ndogo. Nikamuuliza waya hasa unafanya nini, unanyoosha? Hapana, unashikilia meno pale yalipo. Basi ushikilie hapa hapa, nikamwambia. Amecheka mpaka akavua miwani. Hajawahi kuombwa kulinda mwanya. Ameukunja waya mpya, akaugandisha. Mengine yamenyooka, mwanya upo. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiwachekea watu nisiowajua. Raha tupu.

Jumapili, 5 Septemba
Bibi amekuja mjini. Amenifungua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akauchungulia waya. Akauliza kama daktari anaweza kumfunga na yeye, ili yale matatu yaliyobaki yasimkimbie. Tumecheka sana.

Baadaye, tukichambua mchele, ameniomba nimsogezee ungo. Ameniita Mwanaidi. Ni jina la mama. Hakugundua.

Sikumsahihisha. Nimemsogezea ungo.