Hati Ndani ya Mashine

Ipagala, Dodoma
9 Juni 2002

Dada Nasra,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Hujambo wewe, na Baba je, kifua kinampa nafasi na baridi hii ya Kondoa? Mimi mwili mzima, roho ndiyo siielewi. Najua utasema huyu Halfani akiandika ana shida. Safari hii umepatia.

Kazi ninayo, alhamdulillahi. Kurekodi harusi nimeacha kidogo. Kuna mama wa televisheni, Cecilia, amenichukua nimshikie kamera. Anatengeneza filamu ya nusu saa juu ya Mzee Mazengo, fundi redio mstaafu wa hapa Ipagala, anayekusanya mashine kuukuu za gemu, zile za kutumbukiza sarafu zilizoingia biashara ilipofunguliwa na mambo yakawa ruksa. Anazo tisa. Mkewe analalamika kwamba ameletewa wake wenza wa mabati. Mzee hajali. Kila mashine anaifuta vumbi, na tumboni mwake anahifadhi hati ya mauziano ya zamani kabisa aliyoipata, kwenye mfuko wa nailoni, ili asili yake isipotee.

Jumanne akafungua ya saba. Dada, ilikuwa ya Baba! Ile aliyoileta juu ya lori mwaka themanini na tisa, watoto wa Kondoa nzima wakahamia dukani kwetu. Nyuma ya mlango bado lipo jina lako ulilochora kwa msumari ukachapwa. Nikaisogelea kulisoma, Cecilia akanigombeza kwamba nimeharibu picha.

Mzee akatoa hati. Nikaambiwa nisogeze kamera, nikasogeza, maandishi yakajaa: mimi Yahaya Juma wa Kondoa nimemuuzia mashine hii mfanyabiashara wa Babati kwa hiari yangu. Mzee akaeleza kwamba baadaye ilisikika ni ya wizi. Cecilia akafurahi kama kaokota dhahabu, akasema filamu itaishia hapo, jina la mwizi lionekane nchi nzima. Nikamsihi aikate sehemu hiyo. Akacheka, akaniuliza kama mwizi ni ndugu yangu.

Najua moyo umekuruka uliposoma jina hilo. Usimhukumu, dada. Soma mpaka mwisho.

Unakumbuka Yahaya, mchumba wako na mwangalizi wa duka la Baba, alivyosema kwamba Ijumaa ile mashine ilipopotea aliniachia ufunguo wa duka mimi alipokwenda kuswali. Nami nikaapa sikuuona. Baba akaita masheikh, ikasomwa Albadiri mwizi aumbuke, na pale mkekani hakuna aliyeitikia amina kwa sauti kunishinda mimi. Siku ya nne Yahaya akaanguka na baiskeli mteremko wa sokoni, akavunjika mguu. Basi, nani angeuliza tena? Mji mzima ukasema imemshika. Mahari ikarudishwa, akahama, na wewe tangu hapo umekataa wachumba wawili.

Yahaya hakuuza kitu. Niliuza mimi, mtaa mzima ukiwa msikitini. Nilitaka kamera, basi, ile niliyowadanganya kwamba nimeazimwa na rafiki wa Dar. Mnunuzi alipodai hati niliogopa kuandika jina langu, nikaandika la Yahaya. Miaka tisa nimekuwa nikiingoja Albadiri inifikie, kila nikijikwaa nasema ndiyo hii. Naona haya, dada, hata kalamu naiona nzito.

Mwezi uliopita nilimkuta Yahaya huko Bahi, anauza mchele gulioni, anachechemea. Hajaoa. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniuliza neno moja tu, kama Nasra hajambo.

Kesho asubuhi naenda kumweleza Cecilia kila kitu, kazi ikienda na iende. Ila nilitaka ulisikie wewe kwanza, kutoka kwangu. Baba naye umsomee. Akinilaani, ni haki yake.

Nisalimie majirani wote, na Baba pia, kama bado atazitaka salamu zangu. Mzee Mazengo ameniruhusu kutoa nakala ya hati, nimeikunja humu ndani. Iweke kando ya barua hii, ulinganishe mwandiko. Tazama ile Y yenye mkia mrefu uliyonifundisha wewe mwenyewe. Halafu ukipandwa na hasira usiichane barua, nakuomba. Panda basi umpelekee Yahaya, maana hana shahidi mwingine.

Mdogo wako aliyekukosea,
Halfani