Neno Nililompa Muuguzi

Chumba cha juu, nyumba ya fundi saa
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ngazi zimekuwa adui yako. Ile dawa ya kuchua nimeipata, nimeifunga pamoja na barua hii, na binti yako atakuletea vyote Jumatano. Sisi huku wazima, ila mimi usingizi umenihama.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ulimi hunitangulia. Wewe mwenyewe ndiye uliyenibandika jina la Redio. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Kazi mpya ya kupokea simu za wateja kwenye kampuni ya uwekezaji ina miezi miwili sasa. Nakaa ghorofa ya nne, karibu na dirisha lisilofunguka, kati ya watu wanaoongea polepole hadi nikadhani wananidharau. Kumbe wanapima maneno. Simu zetu zote zinarekodiwa, na kila Jumanne msimamizi wetu, mama mmoja mpole anayekunywa maji moto matupu, huchagua chache akazisikiliza. Mimi bado niko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwezi.

Unakumbuka nilivyokuwa nauza programu za kompyuta. Mteja akiuliza, "Inaweza kupanga zamu za wafanyakazi?" najibu, "Inaweza." Halafu nakimbilia kwa mafundi wetu, wananisema weee mpaka wachoke, na baada ya wiki mbili kweli inaweza. Miaka saba nimeishi kwa neno hilo, na sikuwahi kuliona kuwa uongo.

Basi Alhamisi akapiga muuguzi mmoja mstaafu. Sauti yake kama yako, ya mtu aliyezoea kuamka mapema. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, nikiweka huko kiinua mgongo changu, hakitapungua?" Nikamwambia, "Hakitapungua, mama." Ilitoka yenyewe. Akaniombea dua, akakata simu.

Nikabaki na hedifoni masikioni. Ule mfuko wa uwekezaji hupanda na kushuka, imeandikwa ukurasa wa nne wa fomu. Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kutomwahidi mtu hivyo. Na huku hakuna fundi wa kumkimbilia, Shangazi. Hakuna mtu anayeweza kulifanya neno langu liwe kweli.

Tangu siku hiyo simu ya mezani ikilia nashtuka. Mama watoto nimemwambia ni uchovu. Yeye ndiye aliyeniuliza, nilipoacha kazi ya zamani, kama nina hakika, na unajua nilimjibu nini.

Nimeamua kesho niingie kwa msimamizi kabla hajaweka mkoba chini, nimwambie mwenyewe. Kisha nitaomba nimpigie yule mama, simu irekodiwe, nimweleze kwamba kinaweza kupungua. Huenda nikarudi nyumbani na vitu vyangu kwenye boksi. Naogopa, sitakuficha.

Lakini si hilo linaloniamsha usiku. Ijumaa nilikumbuka kwamba muuguzi yule si wa kwanza. Siku niliyokutumia fomu ya mfuko huohuo uliniuliza kama hela yako itakuwa salama, nami nikacheka, nikakwambia ulale usingizi. Miaka thelathini umesimama ubaoni kwa ajili ya hela ile, na goti lenyewe ndilo ushahidi. Tafadhali usitie sahihi. Soma ukurasa wa nne, mpe na Mjomba asome, kisha uamue kana kwamba mimi sikusema lolote.

Kama umeshaituma, niambie upesi. Nimeuliza ofisini kama inaweza kurudishwa. Bado sijajibiwa, kwa hiyo sitakuambia kwamba inaweza.

Nisalimie Mjomba, na binamu yangu mkubwa, na yule jirani yako mshonaji anayenidai cheko. Mungu akulinde, Shangazi, akulinde hata na mimi.

Wako akupendaye na kukuogopea,
Redio