Magimbi ya Kando ya Bwawa

Mjukuu wangu Tumaini, barua yako imefika, ndaga fijo, asante sana. Huku Ngonga tu wazima, na bibi yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini magimbi niliyokutumia yamewawasha koo wewe na wenzako. Nimeshtuka. Mjukuu wa bingwa kama mimi anaepua magimbi mabichi? Yachemshe hadi kisu kipite bila kusukumwa.

Lakini hata bingwa aliwahi kuumbuka. Baba wa bibi yako alipokuja kunitazama kama nafaa kuoa, nilimwandalia magimbi, nikajigamba: "Haya nimepanda mwenyewe kando ya bwawa, na nimepika mwenyewe." Kwa haraka ya kujionyesha, nilikuwa nimeepua mapema. Kipande cha kwanza tu, koo likawaka kama nimemeza siafu. Mzee akaendelea kutafuna, machozi yanamtiririka, hadi akamaliza sahani. Nami kwa aibu nikamaliza yangu.

Akafuta macho, akasema kwa sauti iliyokauka, "Ndaga. Binti nitakupa. Asipokuja yeye, utakufa."

Hayo maelekezo ya kisu ni ya bibi yako, mimi nimeandika tu.

Babu yako, bingwa wa kupanda.