Niliwaazimisha Mwanangu, Akatufunga

Mpendwa mshauri, mheshimiwa mhariri uliyeridhia kutoa nafasi hii, wazee mnaosoma kwa miwani, akina mama, akina baba, na vijana mnaosomea begani kwa wenzenu, itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba msaada.

Mimi ni mshereheshaji wa harusi kwa kazi na kocha wa raga kwa mapenzi. Klabu yetu ya vijana ina vikosi viwili, wadogo na wakubwa, na Jumamosi iliyopita vyote vilisafiri kwa basi moja kwenda kucheza ugenini, wadogo wakashinda, wakanywa chai, ukabaki mchezo wa wakubwa, ndipo kocha wa wenyeji, mama mmoja muuguzi, akanijia kwa unyenyekevu akisema mchezaji wake ameamka na homa naye hana wa akiba, na huenda hujui, mshauri, kwamba katika raga hiyo ni ada: mwenye ziada humwazimisha aliyepungukiwa, ili mchezo uwe mchezo. Nikasimama mbele ya wazazi waliotusindikiza, nikatangaza kwamba sitatoa mtoto wa mtu, natoa damu yangu mwenyewe. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti wetu alivua kofia, na mama wa nahodha akasema huo ndio uungwana.

Hapa ndipo ninapoona haya. Kabla ya hotuba ile, msaidizi wangu, ambaye ni fundi bomba na hapendi maneno mengi, alikuwa ameniuliza kando ya basi, "Kocha, tumpe nani?" nami nikamjibu, "Wape Sabuni. Akawaangushie wao mipira, sisi tupumzike." Sabuni ndiye mwanangu. Jina hilo nilimpa mwenyewe, kwa utani wa baba, kwa kuwa mpira haukai mikononi mwake, na kikosi kizima kimelizoea kiasi kwamba mwamuzi mmoja aliwahi kumwonya kwa jina hilo hilo.

Muuguzi akamvisha jezi yao, akamuuliza mbele yangu, "Mwanangu, wewe unapenda kucheza wapi?" Kijana akanitazama mimi, kana kwamba jibu liko mfukoni mwangu, maana kwetu nimemweka miaka yote mstari wa mbele, kwenye kusukumana, kwa sababu amerithi umbo langu, kisha akasema polepole, "Pembeni, mama. Kwenye kukimbia." Wakampa pembeni.

Sitaki kukuchosha. Tuliongoza hadi dakika za mwisho, mpira ukarushwa pembeni, nahodha wetu akacheka, akapaza sauti, "Mwacheni, huyo Sabuni!" wakamwacha, akaudaka, akakimbia, akawapita wote, akaulaza nyuma ya mstari wetu kwa utulivu kama mtu anayelaza mtoto. Tukashindwa. Wenyeji wakambeba juu juu.

Ndani ya basi hakuna aliyeimba. Mama wa nahodha akasema, bila kumtazama mtu, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nami nikaketi karibu na mwanangu, nikamnong'oneza kwa ukali, "Hivi wewe, umetufanyia nini?" Akanijibu kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, "Baba, ulisema nikawaangushie mipira. Nilijitahidi. Mpira ukakataa kuanguka." Kumbe nilipokuwa nikizungumza na fundi bomba, yeye alikuwa ndani ya basi, dirisha wazi.

Tangu hapo hanisemeshi ila shikamoo. Mama yake amesema maneno machache ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Kijana ameomba kuhamia kwa wale wenyeji, na kwa kanuni zetu ruhusa hiyo hutolewa na mkutano wa wazazi, utakaoketi Jumapili. Wapo wanaotaka afungiwe kwa usaliti, na wote wanasubiri hotuba yangu. Nikinyamaza nitabaki muungwana naye abaki msaliti. Je, nimfundisheje uaminifu, na siku hiyo niseme nini?

Kocha Mwenye Haya

MSHAURI ANAJIBU

Kocha, pole. Nimeisema mara moja na sitairudia.

Umemsalimia mhariri, ukawasalimia wenye miwani na wanaosomea begani. Salamu ya mwanao nimeitafuta sikuiona. Hata jina alilopewa siku ya kuzaliwa hukuliandika. Umeandika la bafuni.

Unauliza umfundisheje uaminifu. Umfundishe nani? Kijana aliyevishwa jezi akaitumikia hadi filimbi ya mwisho amekwisha kuhitimu. Angeangusha ule mpira makusudi, huo ndio ungekuwa usaliti, tena wa kuagizwa na baba. Nahodha wako alimwacha apite kwa sababu ya jina ulilompa wewe. Mchezo ule umeupoteza wewe, ugenini, kwa utani wa nyumbani.

Najua hukuwa na chuki. Mzazi humjua mwanawe mapema mno, na akishamjua huacha kumtazama. Muuguzi yule hakumjua, ikambidi aulize. Jambo hili huwapata wengi, hata wasioshika kipaza sauti, na dawa yake ipo, ingawa ni chungu na huinywi faraghani.

Jumapili usiende na hotuba. Nenda na ukurasa huu, umkabidhi fundi bomba ausome wote, barua na jibu, maana yeye hana mbwembwe. Wewe keti katikati ya wazazi, mikono magotini, uvumilie. Yanayofuata hapa nawaambia wao.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi, mama wa nahodha, na vijana wa vikosi vyote viwili: sasa mmesikia, hakuna wa kufungiwa. Mama, methali yako ilikuwa nzuri, ila ulikosea nguo. Azimio la mkutano huu ni hili. Jina la Sabuni limekoma leo, kwa kocha kwanza, kisha kwa kila mwenye mdomo. Kocha atasimama mbele yenu, atamwita mwanawe kwa jina lake, atamwomba radhi kwa maneno ya kando ya basi, na makofi mliyompigia siku ile atayarudisha kwa mwenyewe. Kisha atamuuliza lile swali la muuguzi, unapenda kucheza wapi, na hataongeza neno, ingawa najua litamtoka jasho. Kijana akisema pembeni, safari ijayo apewe pembeni. Akisema kwa muuguzi, mwenyekiti amruhusu papo hapo, na baba ampeleke mwenyewe, akimbebea begi. Vyovyote atakavyojibu, mkutano utekeleze.

Fundi bomba, umemaliza, kaa. Kocha, simama.