Bibi Akataa Kuwa Mgeni

Jumamosi, Arua

Tangu asubuhi nilikuwa na hofu. Bibi anasahau sana siku hizi, na juzi alipotea akitoka kanisani. Mama alisema tukiridhika na ile nyumba ya wazee kule Koboko, Bibi atahamia huko. Leo tukampeleka kuiona.

Vyumba vilikuwa safi, wahudumu wapole. Lakini Bibi alikaa ukingoni mwa kiti, akashukuru kwa chai, akauliza kila mara, "Tunarudi saa ngapi?" Nilitaka kulia.

Kisha mhudumu mmoja akaketi karibu yetu kupepeta simsim. Bibi alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. "Wewe binti, nani alikufundisha? Hii iko na mchanga bado!"

"Basi nisaidie, Mama mzee," mhudumu akasema, akampa ungo.

Kwetu mgeni hapewi kazi. Bibi akavua viatu, akakaa mkekani, akaanza kuwagombeza wahudumu wote. Walicheka wakatii.

Jioni tukamwambia twende. "Nyinyi tangulieni," akajibu bila kututazama. "Hawa watu hawajala."

Ilibidi tumbembeleze ndipo akapanda gari. Mama hakuwa na shaka tena kuhusu Koboko.